Mwalimu alinikataza kuwasha injini

Saa nzima ya kwanza ya mafunzo yangu ya pikipiki sikuwasha injini. Nilikuwa nimevaa kofia ngumu mpya, glavu mpya, buti zinazofunika kifundo cha mguu, na moyo ulikuwa tayari kwa mngurumo. Mwalimu akanikabidhi pikipiki ya cc 125 (cc ni ujazo wa injini), akaiweka nyutro, yaani bila gia, akasema, "Dada, isukume mpaka kwenye ule mti, igeuze, urudi nayo hapa." Nikasukuma. Niliporudi akasema, "Sasa rudia, ila simama upande wake wa pili."

Tulifanya hivyo mpaka jasho likafanya kioo cha kofia kishike ukungu. Mara ya nne hivi nikaiacha ilalie upande wa mbali nami, ikataka kwenda, nikaivuta kwa mikono yote miwili hadi kiuno kikalia. Mwalimu hakusogea. Alingoja niisimamishe, ndipo akanieleza kwamba pikipiki ikisimama wima unaweza kuishikilia kwa vidole viwili, lakini ikiinama kidogo tu kilo zake zinahamia mikononi mwako, na zikivuka kiasi fulani hakuna misuli ya kuzirudisha. "Ukiijua ikiwa imelala," alisema, "haitakusumbua ikiamka."

Ninaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nimehama kutoka cc 125 kwenda pikipiki kubwa zaidi, na kila anayeniuliza ananiuliza habari za injini. Ni cc ngapi? Inakimbia kiasi gani? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilikuwaje nilipoisukuma, na kwangu mimi hilo ndilo lililoamua mambo yote.

Nina miaka 39. Urefu wangu ni sentimita 160, na kutoka nyayo mpaka kwenye pindo la ndani la suruali ni sentimita 73. Vipimo hivi navijua bila kwenda kwa mtu, kwa kuwa kazi yangu ni ushonaji. Miaka kumi na tisa nimekaa mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali, na niliamini kuwa mikono na miguu yangu inasikia vizuri. Kwenye klachi, kile kishikio kinachounganisha na kutenganisha injini na gurudumu, imani hiyo ilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Cherehani ya umeme ina sehemu ndogo sana kwenye pedali ambapo sindano inaanza kutembea, mshono mmoja mmoja. Fundi mgeni anapaparuka: anakanyaga, nguo inakimbia. Fundi mzoefu anaishi kwenye ile sehemu ndogo. Klachi ya pikipiki iko vivyo hivyo. Unaibana yote kwa mkono wa kushoto, unaingiza gia ya kwanza kwa mguu wa kushoto, kisha unaiachia pole pole mpaka unasikia mlio wa injini unashuka kidogo na pikipiki inajikaza kama mtu anayetaka kuinuka kitini. Hapo ndipo. Ni milimita chache tu. Usipofika hapo haiendi. Ukipapita kwa pupa injini inazima, au gurudumu linaruka mbele.

Siku ya pili mwalimu alinikataza kugusa mafuta kabisa. Kazi ilikuwa kuitoa pikipiki kwa klachi peke yake: kuachia mpaka isogee hatua moja, kubana, kusimama, kuachia tena. Nilifanya hivyo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mara zisizo na idadi. Nilimuuliza kama siiunguzi klachi, maana kwenye gari mtu anayecheza na klachi hivyo hugombezwa. Akaniambia klachi ya pikipiki nyingi ina sahani kadhaa zinazoogelea ndani ya oili, na oili ile inazipoza, kwa hiyo kuiteleza kidogo kwenye mwendo wa polepole ndiyo matumizi yake. Maelezo hayo yalinifungua. Tangu siku hiyo nikaacha kuiogopa na nikaanza kuitumia.

Baada ya klachi ukaja mseto unaofanya pikipiki itulie kwenye mwendo wa kutembea: mafuta kidogo, klachi nusu, na mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kwa mbali. Injini inavuta, breki inazuia, na pikipiki iliyo katikati ya hao wawili inanyooka kama kitambaa kilichovutwa ncha mbili. Ukiupata mseto huo unaweza kuzunguka mahali pembamba bila kuweka mguu chini. Sijaona kitu kingine katika uendeshaji kinachostahili kurudiwa kama hiki. Watu hujisifia mwendo wa kasi, na kwenye kasi pikipiki hujishikilia yenyewe. Kuishikilia ikiwa polepole ni kazi yako.

Macho nayo yalinipa tabu. Tulikuwa na koni sita, natakiwa kupita katikati yake kwa kuyumba kulia na kushoto. Kila koni niliyoitazama niliigonga. Niliitazama kwa sababu nilitaka kuikwepa, na pikipiki ikafuata jicho. Mwalimu akaja akasimama mwisho wa mstari, akasema nimwangalie yeye na nisizijali koni kabisa. Nikapita zote. Nilirudia nikiwa peke yangu, nikazigonga mbili, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutazama. Ilinichukua wiki mbili shingo kujifunza kutangulia: kabla mikono haijafanya lolote, kidevu kimeshageukia ninakokwenda. Mpaka leo nikiingia kwenye kona yenye shimo nalisema shimo kwa sauti ndani ya kofia, halafu nalazimisha macho yahamie pembeni yake.

Kuhusu breki ya mbele nina neno, kwa sababu kila mtu aliyewahi kunishauri kabla sijaanza alinionya nisiiguse. "Itakurusha juu ya usukani." Ushauri huo ni wa hatari. Pikipiki ikipunguza mwendo uzito unaegemea mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele, na anayetegemea breki ya nyuma peke yake anakimbia umbali mrefu sana kabla ya kusimama, au gurudumu lake la nyuma linajifunga na kuteleza. Kinachomwangusha mtu ni kuikamata breki ya mbele kwa ghafla, kabla uzito haujafika pale. Inabanwa jinsi unavyokamua nguo iliyoloa: unaanza taratibu, unaongeza, unaongeza. Mkono unasikia shokapu za mbele zinashuka, na zikishashuka ndipo unaruhusiwa kukaza kweli. Siku hizi pikipiki nyingi zina ABS, kifaa kinachozuia gurudumu lisijifunge. BMW ndio walioiweka kwanza kwenye pikipiki ya kuuzwa, K100, mwaka 1988. Ile ya mafunzo haikuwa nayo, na ninashukuru, kwani mkono wangu ulijifunza bila kusaidiwa.

Kisha kuna jambo la usukani lililoninyima usingizi siku mbili. Pikipiki ikishika kasi kidogo, ukitaka kwenda kulia unausukuma mbele mshikio wa kulia. Yaani usukani unageuka kidogo kushoto, pikipiki inalalia kulia, na huko ndiko inakokwenda. Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini nilipojaribu kwenye sehemu iliyonyooka, msukumo mdogo wa kiganja, pikipiki ikalala kwa utii ulionishangaza. Baadaye nilisoma kwamba Wilbur Wright, ambaye pamoja na ndugu yake Orville alikuwa fundi wa baiskeli kabla ya kuruka na ndege mwaka 1903, aliwauliza waendesha baiskeli makumi jinsi wanavyokata kushoto, na hakupata hata mmoja aliyeeleza sawasawa mara ya kwanza. Wote walikuwa wanafanya. Mwili unajua, mdomo haujui. Kwenye baiskeli unaweza kuishi hivyo. Kwenye pikipiki nzito inayoingia kona iliyobana kuliko ulivyodhani, ni lazima ujue unachofanya, kwani mtu aliyeshikwa na hofu huuvuta mshikio badala ya kuusukuma, na pikipiki inanyooka kuelekea nje ya barabara.

Barabarani nilitoka baada ya wiki tano. Mwalimu alikuwa nyuma yangu kwa pikipiki yake. Sitasimulia yote. Ila siku ya tatu, nikiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari jeupe lililokuwa likisubiri kwenye njia ya pembeni likaingia mbele yangu. Dereva alikuwa amenitazama. Nina hakika, kwa kuwa nilimwona uso. Kwa mwendo ule unakula karibu mita 14 kila sekunde, na mimi nilitumia sekunde nzima kuamini ninachokiona kabla mkono haujaanza kubana. Nilisimama. Nafasi iliyobaki kati ya gurudumu langu na mlango wake ilikuwa kama urefu wa meza yangu ya kukatia nguo.

Mwalimu aliniegesha kando, akaniambia nivue kofia nipumue. Ndipo akanitajia ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, iliyotoka mwaka 1981. Watafiti wake walifika kwenye ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Katika ajali kati ya pikipiki na gari, takriban theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa gari alimwingilia mwenye pikipiki njia yake, na mara nyingi dereva alisema hakumwona. Katika ripoti hiyo hiyo, asilimia 92 ya waendesha pikipiki waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. "Alikutazama," mwalimu akasema, "hakukuona. Hivyo ni vitu viwili." Tangu siku hiyo siangalii uso wa dereva. Naangalia gurudumu lake la mbele, kwani gurudumu likianza kuzunguka linaonekana kabla gari lenyewe halijaonekana kusogea. Na nikikaribia njia panda vidole viwili vinakuwa tayari juu ya breki.

Kwa miezi 14 niliendesha cc 125 niliyoinunua iliyotumika, Honda CG125. Ni pikipiki ninayoiheshimu sana. Ilitoka mwaka 1976, na injini yake husukuma vali kwa vijiti badala ya cheni ya ndani, mpangilio wa kizamani uliochaguliwa makusudi ili idumu kwa watu wasio na muda wala karakana. Nyepesi, kama kilo 110 hivi. Nilijifunza kuikaza cheni, kubadilisha oili, kusafisha plagi. Nilikwenda nayo zaidi ya kilomita 9,000, na isingekuwa mama yangu ningekuwa nayo mpaka leo.

Mama anakaa kilomita 140 kutoka kwangu, na 18 za mwisho ni barabara ya vumbi na changarawe. Kwenye lami malori yanakwenda kilomita 70 kwa saa. CG yangu ikiwa na mzigo na upepo wa mbele, 85 ndiyo juhudi yake yote, mikono inakufa ganzi kwa mtetemo. Siku moja nilikaa mezani nikapiga hesabu ya kulipita lori. Lori lina mita 17; weka mita 20 nyuma yake na 20 mbele, ni mita 57. Tofauti yetu ya mwendo ni kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kitu kwa sekunde. Inachukua sekunde kama 14, na katika sekunde hizo nakuwa nimekwenda zaidi ya mita 300 nikiwa upande usio wangu. Nikiweza kufika 100, sekunde zinakuwa saba na umbali haufiki mita 200. Niliiangalia karatasi ile muda mrefu. Nilikuwa nikifanya hivyo mara tano sita kila safari.

Basi nikaanza kutafuta kubwa, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitafuta kwa cc. Nilikuwa na fedha za kununua ya cc 650 iliyotumika, ndefu, ya kusafiria, na kila niliyemwuliza alisema ukihama hama mara moja, usinunue mara mbili. Nikaenda kuiona kwa muuzaji. Ilikuwa safi, cheni imepakwa mafuta, na karatasi zote za matengenezo zilikuwepo. Kiti kilikuwa juu, zaidi ya sentimita 83 kutoka ardhini. Nilipoikalia, ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja iligusa chini, na nilijiambia inatosha. Nikaizungusha barabarani dakika ishirini na nikaipenda kwa moyo wote. Inavuta bila kelele, inalala kwenye kona kama imelainishwa.

Nilirudi nayo uwanjani kwa muuzaji, kwenye kokoto. Nikakata kulia ili niiegeshe, usukani ukiwa umegeuka mpaka mwisho, mwendo umekaribia kuisha, na nikagusa breki ya mbele. Kidogo tu. Breki ya mbele ikiguswa wakati usukani umepinda na mwendo umekwisha, pikipiki yote inadondokea upande ule, mara moja, bila onyo. Niliushusha mguu wa kulia kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo pale mguu ulipofika. Nakumbuka ile nafasi tupu chini ya buti yangu kuliko ninavyokumbuka kishindo.

Sikuumia. Mkono wa breki ulipinda, nikaulipia. Muuzaji alisema, "Dada yangu, hii utaizoea tu." Nikamwambia ahsante, na nikamwomba jambo moja: aniache niiinue mwenyewe. Kwanza unazima injini na kuiingiza gia ili isisogee, na kama imelalia kulia unashusha stendi ya pembeni mapema, isije ikavuka ikaangukia upande wa pili. Kisha unaipa mgongo. Unakaa makalio yakigusa kiti, mkono mmoja umeshika mshikio wa usukani ulio chini, mwingine umeshika bomba la kubebea mzigo, mgongo umenyooka, na unasukuma kwa miguu kwenda nyuma, hatua ndogo ndogo. Ile ya cc 125 nilikuwa nimeinua hivyo mara nyingi. Hii ilikuwa na zaidi ya kilo 210. Iliinuka shubiri moja, ikarudi. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu kokoto zilinitoka miguuni, nikaketi chini kando yake.

Pale chini ndipo nilipomkumbuka mwalimu na ule mti. Barabara ya kwa mama ina kilomita 18 ambazo kwa saa nzima hapiti mtu. Nikiangusha pikipiki pale nitakuwa peke yangu.

Nilibadilisha utafutaji wote. Kuanzia siku hiyo kila pikipiki niliyokwenda kuiona niliomba kwanza niisukume ikiwa imezimwa, mbele na nyuma, niigeuze mahali pembamba. Kisha niilaze kidogo juu ya paja langu nione nafika wapi kabla ya kushindwa. Kisha niikalie nikiwa na buti ninazozivaa kweli. Injini niliiwasha mwisho. Wauzaji wengine walichoka nami, na mmoja alidhani sina fedha.

Nilijifunza mengi kwa njia hiyo ambayo karatasi haisemi. BMW G 310 GS ni nyepesi, kama kilo 170, na nikaisukuma kwa raha, ila kiti chake kiko sentimita 83 na nusu na nilirudi palepale pa kutafuta ardhi kwa kidole gumba. Honda Rebel 500 ni kinyume chake: kiti sentimita 69, nyayo zangu zote mbili zinalala chini na magoti yamekunjika. Ningeishi kwenye lami tu ningeichukua siku ile ile, lakini tumbo lake liko karibu mno na ardhi kwa mawe ya njia ya kwa mama. Honda CB500X ina injini ya cc 471 kama ya Rebel, tamu, ya silinda mbili, na niliitamani sana. Kwangu ilikuwa juu. Kuna watu wa kimo changu wanaoendesha ndefu kuliko hiyo kwa ustadi mkubwa, kwa kutelezesha kiuno upande mmoja na kuweka mguu mmoja tu chini. Nimejaribu. Kwenye sakafu nyoofu naweza. Kwenye mteremko wa changarawe nikiwa na mzigo, bado.

Upana wa kiti pia ni sehemu ya urefu wake, na hili fundi cherehani analijua kabla ya mtu yeyote. Ukipima mguu kwa ndani, kila sentimita ya upana pale mapaja yanapoachana inakula urefu wa mguu unaofika chini. Viti viwili vya sentimita 80, kimoja chembamba mbele na kingine kipana, si kiti kimoja.

Nilichochukua ni Royal Enfield Himalayan, ile ya cc 411. Ilianza kuuzwa mwaka 2016, na mwishoni mwa 2023 ikatoka mpya ya cc 452 yenye nguvu zaidi. Yangu ni ya zamani, silinda moja, nguvu farasi 24 tu, gia tano. Si nyepesi: ina kilo 199. Wengi walinicheka kwa hilo, kwamba nimekwepa uzito nikaufuata. Lakini uzito wake umekaa chini. Nilipoisukuma ilinifuata. Nilipoilaza kwenye paja nilifika mbali kabla ya kuomba msaada. Kiti kiko sentimita 80, chembamba mbele, na sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili inagusa ardhi sawasawa. Niliiangusha kwa makusudi juu ya godoro kuukuu, nyumbani, nikaiinua peke yangu kwa jaribio la kwanza. Mikono ilitetemeka robo saa, ila iliinuka.

Injini yake haina haraka. Pistoni inasafiri milimita 86 ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 78, na injini yenye mwendo mrefu hivyo huvuta kutoka chini, bila kuhitaji kuilazimisha ipige kelele. Ukiwa gia ya pili kwenye changarawe unaweza kuiacha itembee yenyewe na ile klachi ya milimita chache usiiguse kabisa. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, linapanda jiwe ambalo CG ingekwama mbele yake. Kwenye lami inakwenda 100 bila kulalamika, na ile karatasi yangu ya lori ilitaka hiyo tu.

Koti nalo nililichagua kwa macho ya kazi yangu. Kwa Ulaya kuna kiwango kinaitwa EN 17092 kinachopanga nguo za pikipiki kwa madaraja, AAA likiwa la juu, kisha AA, kisha A. Mimi nilianza kwa kuligeuza nje ndani. Mtu akiburuzika kwenye lami, kitambaa mara nyingi huvumilia na mshono ndio unaofumuka, na mshono ukifumuka koti linafunguka kama mfuko. Nililoliacha lilikuwa zuri machoni, mshono mmoja begani, uzi wa kawaida. Nililochukua lina mistari mitatu begani na kwenye kiwiko, mmoja wao umefichwa ndani ya pindo ambapo lami haiwezi kuufikia. Nilihesabu mishono kwa kila sentimita kwa ukucha. Kiwiko kina pedi ngumu, nami nilipunguza mkono wa koti kidogo ili pedi isizunguke, kwani pedi inayohama haikingi chochote.

Safari ya kwanza kwa mama nilichelewa kutoka kazini. Lami niliimaliza jua likizama. Nilipita malori matatu tu, na kila mara niliona njia ikiwa wazi mpaka mbali na nikarudi upande wangu nikiwa bado na nafasi. Changarawe niliianza gizani. Nilisimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, mikono imelegea, nikaiacha pikipiki icheze chini yangu inavyotaka. Pale penye mchanga gurudumu la mbele liliyumba, na mkono ulitaka kubana breki. Nikanyanyua kidevu, nikatazama mbali palipofika taa, nikaongeza mafuta kidogo. Ikanyooka.

Nilifika usiku. Taa ya mama ilikuwa imezimwa. Nilizima injini barabarani kabla ya geti, nikashuka, nikaweka nyutro, nikaanza kuisukuma. Kilo 199 na mkoba wa nguo nilizomshonea. Kiuno kikiwa karibu na tangi, hatua fupi, macho mbele. Geti ni jembamba, ikabidi nirudi nyuma kidogo, nikate, niingie tena.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona unasukuma? Imeharibika?"

"Hapana, mama. Sikutaka kukuamsha."

Akatoka na tochi. Aliizunguka pikipiki yote polepole akiimulika, akaweka kiganja juu ya tangi akalikuta lina joto, akakiacha pale.

"Hii ndiyo kubwa uliyosema?"

"Ndiyo hii."

"Ifunike," akasema. "Kuna umande."